Kurasa Kumi na Mbili za Asubuhi

1

"Mama Tuse, hujambo?"

Atuganile aliinua uso kutoka kwenye ungo. Ng'ambo ya ua wa matete alisimama jirani yake, Mama Ambokile, ndoo ya maji kichwani. Salamu ilikuwa ya kawaida kabisa, ila yule aliyeitoa alijiziba mdomo kwa haraka hata ndoo ikayumba, maji yakamchuruzika shingoni.

"Atu," akasema. "Atu, mwenzangu. Umeamkaje?"

"Salama. Umeniitaje?"

"Ulimi tu. Joto hili litatumaliza." Akaondoka kwa hatua za haraka, akimwaga maji njia nzima, wala hakungoja kuulizwa tena.

Atuganile alibaki na ungo magotini. Alijua mambo mengi asubuhi hiyo. Alijua kwamba ana miaka arobaini na sita, kwamba alizaliwa Ipinda, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alijua kwamba mume wake ni Lutengano, kwamba goti lake la kushoto halipendi ngazi, kwamba alifanya kazi miaka kumi na saba katika Mradi wa Malango, akiandika maelekezo ya kompyuta yaliyofungua na kufunga milango ya maji ili ziwa lisimeze mashamba ya mpunga. Yote hayo aliamka nayo. Lakini mwanamke wa umri wake, mke wa mtu, huitwa kwa jina la mtoto. Na kama hakujaliwa mtoto, anajua, na mahali hapo moyoni hupajua kama ulimi unavyojua pengo la jino. Yeye alipojigusa hapo hakukuta mtoto, na hakukuta pengo. Palikuwa laini, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Miaka minne nyuma, baada ya mafuriko makubwa, homa ya bonde ilipita Kyela nzima ikaua watu wengi, na walionusurika hawakurudi wazima. Homa ilikula visa, ikaacha ujuzi. Mtu alibaki anajua kusuka mkeka, kuendesha baiskeli, kusema lugha zake zote. Lakini kila alipolala, yote yaliyowahi kumtokea yalisombwa, akaamka hajui hata jina lake. Ndipo wakaletewa kidubwasha kinachopandikizwa nyuma ya sikio, kidogo hivi hata watu wakakiita punje. Saa moja kabla ya mgonjwa kuamka, punje humwaga andiko ndani ya ubongo wake. Halisikii likisomwa. Huamka tu anajua.

Punje ilikuwa na mpaka wake: kurasa kumi na mbili. Zaidi ya hapo ubongo hupata moto. Mtaa wa pili kulikuwa na mzee ambaye wanawe walimpenda kupita kiasi, wakamwongezea kurasa tatu za wajukuu; hakufungua macho tena. Kwa hiyo kila mgonjwa aliwekewa mwandishi wa asubuhi, ndugu wa karibu aliyefundishwa kwa wiki sita, na huyo ndiye aliyeamua kila siku kipi kiingie na kipi kitoke. Andiko lilitumwa kabla ya saa kumi alasiri, kwa dole gumba la mwandishi. Dole la mgonjwa mwenyewe halikutambuliwa na sheria wala na mashine.

Mwandishi wa Atuganile alikuwa Lutengano, naye saa hiyo alikuwa malangoni akitoa magugu maji yaliyoziba milango. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa katika chumba cha pembeni, juu ya meza ya kukunja. Hakuna aliyewahi kumkataza Atuganile kuigusa. Andiko lake halikuwa na neno lolote kuhusu kompyuta hiyo, na jambo lisiloandikwa halikuwa likimjia akilini. Akavuta kiti, akakaa. Vidole vikatua juu ya kibodi kama vimefika nyumbani.

Hakujua atafanya nini. Vidole vilijua. Viliingia ndani ya kihariri, ile programu ya kuandikia, vikatafuta faili, na maisha yake yakatokea kwenye skrini, herufi nyeupe juu ya weusi. *Jina lako ni Atuganile. Una miaka arobaini na sita.* Akasoma kurasa zote kumi na mbili. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo: hapakuwa na jipya hata moja. Kitu kimoja tu kilimshangaza sasa alipokisoma kwa macho. Ukurasa mzima wa kumi ulikuwa umejazwa harusi ya binamu fulani wa Lutengano, nani alivaa nini, nani alipakua chakula gani, mpaka rangi ya vitambaa vya meza. Nani alihitaji kuamka na vitambaa vya meza kila siku?

Vidole vikabonyeza tena, vitufe viwili kwa pamoja, na orodha ndefu ikashuka upande wa kulia. Kihariri kile hakikutupa kitu. Kila siku andiko lilipohifadhiwa, la jana yake lilibaki nyuma yake. Akashuka kwenye orodha mpaka miaka mitatu na miezi kadhaa, akachagua faili moja. Lilifunguka juu ya lile la leo likalifunika. Hakutaka hivyo. Alitaka ayaone yote mawili. Vidole vikampa alichotaka: skrini ikagawanyika katikati, la leo kushoto, la zamani kulia, bega kwa bega. Akabonyeza mara ya tatu, na kihariri kikaanza kulinganisha. Mistari iliyofanana ikafifia ikawa ya kijivu. Iliyotofautiana ikawaka njano.

Ukurasa wa kwanza, kijivu mtupu. Wa pili, kijivu. Mwanzoni mwa wa tatu, upande wa kulia, njano iliwaka mistari minane.

*Mwaka huo, katikati ya masika, ulimzaa binti yako Tusekile. Mvua ilikuwa imekata barabara, mkunga akaletwa kwa trekta, akaingia ndani na matope mpaka magotini.*

Kushoto, mahali pale, hapakuwa na kitu. Kihariri kilikuwa kimeweka mistari minane ya alama za mkwaju, vistari vya kuinama, kushika nafasi tu, ili maneno yanayofuata pande zote mbili yaendelee kutazamana. Atuganile aliitazama ile mistari mitupu muda mrefu kuliko alivyotazama maneno.

Akaendelea kushuka. Kuanzia hapo njano ilikuwa ndogo ndogo, na hiyo ndiyo iliyomchoma. Kulia: *Lutengano akawajengea jiko la matofali.* Kushoto: *Lutengano akakujengea jiko la matofali.* Kulia: *mlihamia hapa watatu.* Kushoto: *mlihamia hapa.* Kulia: *akawabeba.* Kushoto: *akakubeba.* Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki na kupita kurasa zote, mstari kwa mstari, akibadili herufi mbili mbili, bila haraka, kama anayetoa mawe kwenye mchele.

Ukurasa wa tisa, kulia:

*Homa ilipoingia, Tusekile aliugua siku sita. Alifariki alfajiri ya siku ya saba, akiwa na miaka kumi na mmoja. Wewe ulikuwa kitanda cha pili, hukujua.*

Kushoto:

*Homa ilipoingia, uliugua siku kumi na nne, ukapona.*

Sauti iliyomtoka hakuitambua kuwa yake. Kuku waliokuwa wameingia uani wakaruka. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, pale ambapo hakukumbuka kubeba mtu, akainama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa meza, akalia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuijua sura yake.

Alipoinua kichwa, saa ya kwenye skrini ilionyesha saa tano na dakika arobaini. Ndipo wazo la pili likamjia, na hilo halikumpa hata machozi. Leo atalala. Hata akikaa amejibana kwenye kiti, atalala tu, leo au kesho. Na akiamka hatajua kwamba alikaa hapa. Huenda alishawahi kukaa hapa.

2

Lutengano alirudi saa saba. Alikuta jiko limezimika na kuku wakidonoa mchele. Akaingia akiita, "Atu? Atu!" mpaka akafika kwenye mlango wa chumba cha pembeni.

"Karibu, Baba Tuse," akasema Atuganile bila kugeuka.

Alikuwa mwanamume mrefu, mabega yameinama kwa kazi ya kuvuta magugu. Alisimama pale na mabuti ya mpira yaliyojaa tope. Hakushtuka kama mkewe alivyotaka ashtuke. Alionekana kama mtu aliyefikiwa na mvua aliyoiona tangu mbali.

"Umefungua mwenyewe?"

"Vidole vimefungua."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mama Ambokile kateleza ulimi."

Akaegemea mwimo wa mlango, akaanza kuvua mabuti, la kwanza, la pili. "Safari hii umewahi," akasema. "Safari iliyopita ilikuwa saa tisa kasoro. Hatukupata hata muda wa kuzungumza."

Atuganile akageuka. "Safari iliyopita?"

Lutengano alikuja nyuma ya kiti, akanyoosha mkono juu ya bega lake, na kwa kidole kimoja kizito akatafuta folda nyingine. Alifungua faili mbili, akaziweka kando ya zile zilizokuwepo. Sasa skrini ilikuwa na madirisha manne, membamba kama mbao za ua.

"Soma kwanza," akasema. "Kisha unitukane."

Zilikuwa barua. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ya miaka mitatu na ushei iliyopita, na chini yake picha ya dole gumba lililochovywa kwenye wino.

*Lutengano, leo nimepitia maandiko yote ya nyuma, nikahesabu. Nimeamka mara mia mbili na kumi na mbili nikijua kwa mara ya kwanza kwamba mwanangu amekufa. Watu wengine huzoea kwa sababu wana jana. Mimi sina. Mwondoe. Usiondoe kifo peke yake, maana nitamtafuta. Mwondoe mzima. Nikija kukuuliza siku yoyote, nionyeshe barua hii. Ni mimi, mkeo.*

Ya pili iliandikwa miezi kumi na moja baadaye. Dole lilikuwa lile lile, na kovu lile lile la kisu cha jikoni.

*Lutengano, usimsikilize yule wa barua ya kwanza. Alikuwa amechoka. Mtoto aliishi miaka kumi na mmoja na hakuna mwingine duniani aliyembeba tumboni. Ukimtoa kwangu, amebaki wapi? Mrudishe, hata kama nitalia kila siku. Nikibadili mawazo, usinikubalie. Ni mimi, mkeo.*

Atuganile alisoma ya kwanza akaona ni kweli. Akasoma ya pili akaona ni kweli. Alirudi kwenye ya kwanza. Macho yakawa yanaruka mpaka wa madirisha, kushoto, kulia, na kila upande mwanamke mwenye dole lake alimwambia asimsikilize mwenzake.

"Ukamrudisha," akasema.

"Nikamrudisha. Siku kumi na tisa." Lutengano aliketi sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu chumba kilikuwa na kiti kimoja tu. "Siku ya ishirini nilikukuta jikoni umeshika kisu, unataka kuitoa punje. Ulikuwa umeshachana hapo nyuma ya sikio. Jiguse."

Akajigusa. Chini ya nywele palikuwa na mshono mdogo, mgumu. Andiko lake halikumwambia lolote kuhusu mshono huo.

"Siku hiyo hukuniomba kitu," Lutengano akaendelea. "Nilifuta mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mtu, huyu hapa. Lakini niambie, Atu. Barua hizi mbili, wote ni wewe. Wote mmeweka dole. Mimi nimfuate yupi?"

Alimtazama mtu yule aliyekaa chini na soksi zilizotoboka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiuliza habari zake yeye.

"Wewe unamkumbuka," akasema.

"Kila siku."

"Unamwongelea na nani?"

Lutengano alikwangua tope kwenye suruali. "Mwanzoni watu walikuwa wakija. Nikawaomba wasitaje jina lake karibu na nyumba hii. Mtaa mzima nikauomba, mlango kwa mlango, kanisani pia. Nguo zake nikampelekea dada yangu. Picha ziko kwenye sanduku kwa mzee wa kanisa." Akabandua bonge la tope. "Alhamisi huwa nakuambia nakwenda malangoni. Nakwenda kaburini. Huko ndiko naweza kulisema jina."

"Kwa hiyo nyumba nzima umeifunga, na wewe ukiwa ndani."

"Ningefanyaje?"

Kuku mmoja aliingia mpaka chumbani, akatazama, akatoka. Atuganile aliondoka kitini, akakaa sakafuni kando ya mumewe. "Niambie kitu kimoja chake," akasema. "Kisichoandikwa humo."

"Atu."

"Kimoja tu."

Alifikiri. "Alikuwa akila wali na maharage, anayatenga maharage pembeni ya sahani, moja moja, anayapanga mstari. Anakula wali wote kwanza. Kisha anayatazama yale maharage kana kwamba yatajiondokea." Sauti yake ilipanda ghafla, ikawa ya mtoto anayebembeleza: "'Mama, haya ni mengi.' Na wewe ulikuwa unamjibu, 'Si uliyahesabu mwenyewe?'"

Wakacheka. Wote wawili walishtushwa na kicheko hicho, kikakatika.

Ilikuwa saa nane na nusu. Jua lilikuwa limegeuka, likaingia kwa dirisha la magharibi na kuonyesha vumbi kwenye skrini. Atuganile aliyatazama madirisha manne kutoka pale chini. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amelinganisha maandiko hivi, maelekezo ya jana na ya leo, akitafuta mstari ulioharibu kazi. Mara nyingi mstari wenyewe ulikuwa sahihi. Ulikuwa tu umewekwa mahali pasipo pake, lango likapokea amri kabla ya wakati.

"Mwandike Tuse," akasema polepole. "Mwandike mzima. Trekta, maharage, kila kitu. Toa vitambaa vya meza vya binamu yako, nafasi itatosha. Lakini ukifika kwenye homa, acha. Andika tu: yaliyobaki muulize Lutengano, akiwa amekaa."

Ilimchukua Lutengano muda kuelewa. Alipoelewa alisimama.

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui. Huwezi kujua!" Hakuwa amepaza sauti siku nzima, sasa aliipaza. "Wewe utaambiwa mara moja. Kila siku kwako itakuwa mara moja tu. Mimi nitakuambia kesho, na keshokutwa, na mtondo, mpaka mmoja wetu azikwe. Nitaziona zote. Unataka kila ninapoamka niwe mimi wa kukuulia mtoto, kwa mdomo wangu huu? Punje haina macho, Atu. Haioni uso wako unavyokuwa. Ndiyo maana niliiachia punje."

"Na punje ikanikuta nimelala," Atuganile akasema. "Mara mia mbili na kumi na mbili, peke yangu, macho nimeyafumba. Hakukuwa na mtu wa kumshika."

"Nilikuwa nje ya mlango!"

"Nje ya mlango."

Lutengano akatoka na soksi zake, akapita jikoni, akavuka uani. Mlango wa nyuma ukajibamiza.

3

Saa tisa ilipita. Hakurudi.

Atuganile alikaa tena mbele ya kibodi. Aliweza kufungua kila kitu na kubadili kila kitu, hakuweza kuhifadhi. Kila alipojaribu, kihariri kilimwomba dole la mwandishi, bila ukali, maneno yale yale. Alijaribu dole lake mara mbili, kwa kujua kwamba ni bure.

Hapo ndipo alipokumbuka karatasi. Alitafuta kalamu, akaandika kwenye kipande cha mfuko wa sukari: *Una binti. Jina lake Tusekile. Fungua kompyuta, bonyeza vitufe viwili, utaona. Usimwambie Lutengano.* Akakikunja, akaenda kukifukia ndani ya debe la mchele, mahali ambapo kesho, akipima cha mchana, mkono wake ungekigusa tu. Alikuwa na furaha mbaya, furaha ya mfungwa aliyefaulu kuficha kipande cha msumeno.

Alifika mlangoni mwa jiko, akasimama. Alimwona yule mwanamke wa kesho. Angekuwa na mchele mikononi, anasoma kipande cha mfuko, jiko linawaka, nyumba haina mtu. Angekwenda mbio kwenye ile kompyuta na kukutana na ukurasa wa tisa peke yake, kama yeye leo, kama punje ilivyomkuta zile siku zote. Na safari hii aliyemtega asingekuwa mashine wala mume. Angekuwa yeye.

Akarudi kwenye debe, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakitoa.

Lutengano alikuwa amekaa nyuma ya nyumba juu ya rundo la matofali, viganja katikati ya magoti. Hakugeuka. Atuganile alimwekea kile kipande cha karatasi mapajani. Akakisoma, akakigeuza kuona kama upande wa pili una neno, akakisoma tena.

"Nilikuwa nimeshakificha," akasema Atuganile. "Usingekiona."

"Kwa nini umekitoa?"

"Angekikuta peke yake."

Upepo wa ziwani ulileta harufu ya mpunga uliokaribia kuiva. Kutoka malangoni ilisikika honi fupi ya lango la pili likijifungua, kwa wakati wake, kwa maelekezo ambayo huenda yeye mwenyewe aliyaandika.

"Sikuombi tena," akasema. "Nilichokuomba ni kikubwa. Na kibaya zaidi, kesho sitajua kwamba nilikuomba, sitajua hata kukushukuru. Ukiamua kuacha kama kulivyo, nitaamka nikiwa na harusi ya binamu yako, nitakusalimia vizuri, na hutaniona nimekasirika. Amua wewe. Wewe ndiye utakayekuwepo."

Lutengano alibaki akitazama kipande cha mfuko. Kisha aliinuka, akajikung'uta vumbi la matofali, akaingia ndani.

Atuganile hakumfuata. Alikaa pale pale kwenye matofali, bado yana joto lake. Kupitia dirisha alisikia kibodi: mume wake aliandika kwa vidole viwili, kitufe, kimya, kitufe, kama kuku anayedonoa. Wakati mwingine kimya kilikuwa kirefu mpaka akadhani ameacha. Mama Ambokile alipita ng'ambo ya ua, akainamisha kichwa kama anapita mbele ya msiba. Atuganile alimwita, akamwambia hana kosa, aende kwa amani.

Dakika moja kabla ya saa kumi mashine ililia mlio wake mmoja. Andiko limetumwa.

Lutengano alipotoka hakumwambia alichotuma, na Atuganile hakuuliza. Waliwasha jiko. Wakapika mchele uliosazwa na kuku, wakala, wakazungumza juu ya magugu maji na juu ya goti lake. Alipohisi kope zinalegea alimshika mumewe mkono wa shati, kwa nguvu, kama mtu anayetelemshwa kisimani. Kisha vidole vikaachia.

4

Aliamka kukiwa kumekucha, mwanga umeshafika nusu ya ukuta.

Alikuwa Atuganile, miaka arobaini na sita, wa Ipinda, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alikuwa mama. Alilijua hilo kama alivyojua kwamba ana mikono. Binti yake alizaliwa katikati ya masika, mkunga akaja na matope mpaka magotini. Alitambaa kinyumenyume. Aliogopa bata lakini si mbwa. Akiwa na miaka tisa alipanda kwenye kiti cha mama yake kule mradini, akaandika mstari wake wa kwanza wa maelekezo, lango la nne likafunguka, likazamisha bustani ya kabichi ya padri. Na mama yake, badala ya kumchapa, alimwonyesha ni herufi gani aliyokosea. Alipanga maharage mstari pembeni ya sahani. Yote yalikuwa yamejaa kifuani mwake mapya, yana uzito, na alitabasamu kitandani kabla hajajua anatabasamu.

Kisha yakakoma. Baada ya miaka kumi na mmoja palikuwa na sentensi moja tu: *Yaliyobaki muulize Lutengano. Akae kwanza.*

Alisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na miguu inayokimbia, wala maji yanayomwagwa na mtu anayeharakia shule. Alishuka kitandani, akajifunga khanga, akatoka.

Lutengano alikuwa uani. Alikuwa amenyoa ndevu, akajikata kidevuni. Viti viwili vifupi vilikuwa vimetazamana, na katikati yake kigoda chenye vikombe viwili vya chai ambayo haikuguswa, utando umeshaganda juu. Ilionekana alikuwa hapo tangu alfajiri.

"Umeamkaje?" akauliza.

"Salama. Nimeamka na swali."

"Keti."

"Nimeambiwa uketi wewe."

Akaketi. Naye Atuganile akaketi mbele yake. Alimwona akivuta hewa ya kusema, ikamtoka bila neno. Akavuta tena. Akanyoosha mkono kuchukua chai, kikombe kimoja kikapinduka na chai ikamwagikia miguuni mwake, hakuisogeza. Uso wake mrefu ulikuwa unavunjika mbele ya macho ya mkewe, kipande baada ya kipande, na mkewe hakujua kwa nini.

Alichokijua ni kwamba huyu ni mume wake, na kwamba kuna kitu kizito anajaribu kukiinua peke yake. Alivuta kiti chake mbele mpaka magoti yao yakagusana, akamshika viganja vyote viwili.

"Pole," akamwambia. "Pole, baba. Sema taratibu. Siondoki hapa."

Lutengano akamtazama. Akaanza kusema.